Maua Niliyobandika Mahali pa Ochieng'

Akinyi mama,

Umeenda kusukwa kwa Mama Chepkoech, na kwa vile nywele zako ni nyingi na maneno yake ni mengi zaidi, najua hutarudi kabla ya saa kumi na mbili. Kwa hivyo nina mchana mzima. Mvua ya saa nane imeshaanza kupiga mabati, wateja hawatakuja, na meza nimeiondolea makasi na karatasi zote ili nipate pa kuandikia. Barua hii nitaiweka kwenye begi lako katikati ya nguo. Usiisome hapa. Isome ukishafika, wakati huwezi kugeuka ukanitazama usoni.

Sitakuandikia mambo ya pasipoti wala ya simu, wala jinsi ya kuishi na mama mwenye nyumba utakayemfanyia kazi huko Doha. Hayo umeambiwa na kila mtu, hata na watu ambao hawajawahi kupita Kedowa. Nataka kukujibu jambo moja tu. Wiki tatu zilizopita uliniomba picha ya kaka yako Ochieng', uende nayo Qatar uwaonyeshe watu, kwa sababu yule kijana aliyerudi alisema alisikia huko jina kama hilo, la mtu wa kutoka huku kwetu kwa majani chai. Nikakuambia picha zake zililiwa na panya tulipohama. Nilisema hivyo haraka, nikiwa nakata karatasi, bila hata kuinua kichwa.

Akinyi, hakukuwa na panya. Picha za Ochieng' nilizikata mimi, zote, kwa makasi. Ulikuwa na miaka sita alipoondoka, kwa hivyo uso wake huna hata kichwani, na kwenye karatasi pia huna kwa sababu yangu. Hilo ndilo nililotaka kusema. Sasa limesemwa, na sioni kama nimepata nafuu yoyote.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Nitaanzia kwenye kazi yetu ya kupamba albamu za watu, maana hapo ndipo mimi na wewe huelewana bila kugombana.

Unakumbuka yule bibi harusi wa Kedowa? Ulikuwa darasa la tano. Picha zake zilikuwa na kila kitu: wasimamizi waliovaa vitenge, miavuli, keki, hata ng'ombe wa jirani alikuwa ameingia. Mimi nikaenda nikanunua karatasi ya zawadi yenye mawaridi makubwa mekundu, nikailaza ukurasa mzima, nikabandika picha juu yake. Nilijiona fundi. Alipokuja kuchukua albamu akafungua, akatazama sana, akaniuliza kwa upole, "Mama, sasa mimi niko wapi hapa?" Woi! Nilitamani ardhi inimeze. Alikuwa anajitafuta katika harusi yake mwenyewe.

Usiku... hapana, wacha nisidanganye, sikukosa usingizi kwa ajili yake, lakini nilijifunza. Karatasi ya maua ni kama chumvi. Picha ikiwa na watu wengi na nguo za kila rangi, karatasi inyamaze, iwe na mistari myembamba au vidoadoa vidogo. Picha ikiwa ya mtu mmoja amesimama kando ya ukuta mtupu, hapo karatasi inaweza kuongea kidogo. Rangi usiitafute dukani kwanza, itafute ndani ya picha, na usichague ile kubwa inayoruka machoni. Chukua ile ndogo, ya kola ya shati au ya utepe wa nywele. Maua makubwa yakate vipande vya upana wa kidole uyaweke ukingoni. Na kati ya picha na maua acha ukingo mweupe wa karatasi ngumu ya manila, ili jicho lijue picha inaanzia wapi. Ukiwa na karatasi tatu za maua kwenye ukurasa mmoja, ujue mbili zinapigana na ya tatu inashangilia.

Hayo nilikufundisha, na wewe ukanipita. Lakini kuna moja ambalo sikukufundisha kamwe. Ni kile kipande kirefu cha maua, chenye kichwa cha mviringo, ambacho huwa unakisimamisha katikati ya watu kwenye picha. Wateja wa hapa Roret wanakipenda hicho kupita vyote. Wanakuja wanasema, "Tuwekee lile ua la kusimama." Ulikitoa kwenye albamu yetu ya nyumbani. Ulikaa na hiyo albamu mapajani tangu ukiwa mdogo, ukaona maua yamesimama kati yangu na wewe, kati yangu na baba yako, ukadhani ni urembo. Siku moja ulimwambia mteja, mimi nikiwa hapo hapo, "Hiyo ni ya mama, ni yeye aliianzisha." Ulisema kwa majivuno. Mimi nikainama nikajifanya natafuta gundi.

Kila ua lililosimama kwenye albamu yetu, Akinyi, limesimama mahali pa Ochieng'. Nilikata mtu, nikabaki na tundu, nikafunika tundu kwa maua.

Sasa kwa nini. Wakati huo bado tulikuwa kwenye nyumba za kampuni, chumba kimoja na jiko, na mimi nilikuwa nachuna majani mwaka wa kumi na tisa. Baba yako alikuwa ameshatuacha, Mungu amrehemu. Ochieng' alikuwa na miaka ishirini na moja, hana kazi, analala kwa jiko miguu nje. Halafu ile mashine ikaja. Wewe umeikuta tu, unaona ni kitu cha kawaida, vijana wawili wameishika huku na huku wanainyoa chai kama kinyozi, mfuko unajaa nyuma. Sisi tulikuwa hatujawahi kuiona. Siku ya kwanza tulisimama na vikapu mgongoni tukacheka. Tulisema itakata vijiti, itakata mpaka nyoka, watairudisha. Mama Chepkoech ndiye hakucheka. Alisema, "Hii kitu haichoki na haina mtoto ya kunyonyesha."

Haukupita muda, nyapara akaanza kutuita jina kwa jina, na aliyeitwa ndiye aliyeachishwa kazi. Na wiki hiyo hiyo, haki ya Mungu wiki hiyo hiyo, Ochieng' akaingia nyumbani na buti mpya za kampuni. Amechukuliwa kushika mashine. Hakuwa ameniambia hata kwamba anaomba kazi. Alisimama mlangoni akitabasamu na kutotabasamu, hajui aweke uso wapi.

Mimi jina langu lilisomwa Alhamisi. Jumamosi wanawake wa gengi letu la kuchuna wakaja nyumbani, sita au saba, wakakaa kwenye kitanda na kwenye ndoo. Hawakutukana. Ingekuwa afadhali wangetukana. Mmoja alisema tu, "Wewe utakula, mama. Mtoto wako atakulisha. Sisi tutaenda wapi?" Na wote wakaangalia chini. Nilikuwa nimechuna na hao wanawake tangu Ochieng' akiwa mtoto wa mgongoni. Walinishika mkono nilipomzika mume wangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na mtu akiona aibu mbele ya watu, Akinyi, hutafuta kitu cha kuvunja haraka.

Ochieng' alikuwa nje anasafisha buti. Nikamwita. Nikamwambia mbele yao achague, aache hiyo mashine au aache nyumba yangu. Akasema, "Mama, tuongee baadaye, sisi wawili." Nikasema hakuna baadaye. Akasema tena, "Mama, tafadhali." Hapo nikamwambia maneno ambayo hata leo kalamu inakataa, lakini nitayaandika kwa sababu nimeamua. Nilimwambia, "Mimi nilizaa mtoto mmoja tu, ni huyu Akinyi." Akasema, "Sawa mama." Akachukua jaketi yake. Wewe ulimfuata mpaka kwa bomba la maji ukilia, akakurudisha, akakuweka ndani ya mlango kama anaweka mtungi, akaenda.

Ungefikiri ingetosha. Mimi bado nilikuwa nawaangalia wale wanawake kuona kama wameridhika. Nikatoa albamu chini ya godoro, nikachukua makasi ya kushonea, nikaanza kumkata. Mbele yao. Picha ya ubatizo, ya shule, ya matanga ya baba yenu, zote. Kila kipande nikikata natupa kwa jiko. Mama Chepkoech alisimama akanishika bega akasema, "Hiyo unafanya si mzuri. Mtoto hakuna mtu anakata." Nikamsukuma. Hawa wengine walinyamaza tu, na kwa kunyamaza kwao mimi nilidhani wananiunga mkono. Kumbe walikuwa wanaogopa. Waliondoka mmoja mmoja, hata chai hawakunywa.

Mwisho wa mwezi karani wa nyumba akaja na karatasi. Akaniuliza Ochieng' yuko wapi, maana kazini hajaonekana tena. Nikasema sijui na sitaki kujua. Akasema basi tutoke, kwa sababu chumba kilikuwa kimeandikwa jina la Ochieng'. Nikamwambia anaota, chumba ni changu. Akanionyesha. Ochieng' alikuwa amejua mapema kwamba majina yetu yatasomwa, alisikia kwa watu wa ofisini. Akaenda akaomba hiyo kazi ya mashine ili chumba kibaki, ili mimi na wewe tusitupwe nje. Hiyo ndiyo "tuongee baadaye" yake. Hakutaka kusema mbele ya wanawake wa watu kwamba mimi nimepata pa kulala na wao hawajapata. Alikuwa ananistahi. Mtoto wa miaka ishirini na moja alinistahi mbele ya watu, nami mama mzima nikamkata mbele ya watu hao hao.

Ndiyo tukaja Roret, kwenye chumba hiki. Hao wanawake? Mmoja alienda Ndanai kwa watu wake, mwingine nasikia alifungua kibanda, wengine sijui hata kama wako hai. Ni Mama Chepkoech peke yake aliyebaki, naye ni yule niliyemsukuma. Nilitoa mwanangu nikawapa watu ambao kufika Krismasi walikuwa wametawanyika. Kama kuna kitu ninachokijua duniani na wewe hukijui, ni hicho tu, na nilikinunua ghali mno.

Yale matundu kwenye albamu yalinisumbua. Nilikuwa nikifungua naona karatasi tupu ya nyuma, umbo la kichwa na mabega, umbo lake hasa, maana nilikuwa nimemkata vizuri, nina macho mazuri ya makasi. Nikanunua karatasi moja ya zawadi hapa sokoni, nikaanza kufunika. Mwanamke wa nyumba ya pili akaona, akasema, "Maua mazuri hayo, na mimi nitengenezee." Hivyo ndivyo kazi hii ilivyoanza. Ada yako ya shule ilitoka huko. Nguo uliyovaa leo imetoka huko. Sijui nikuambie ufanye nini na habari hiyo. Mimi nimekaa nayo miaka kumi na saba na sijajua.

Kuna jambo lingine, na hili Mama Chepkoech analijua lakini hajalisema kwa mtu. Ochieng' alipiga simu. Mara moja, kama mwaka mmoja baadaye, kwa simu ya Mama Chepkoech, kwa sababu sisi hatukuwa na yetu. Mama Chepkoech alikuja nayo mbio kwenye matope, ameificha ndani ya kanga isilowe, akaninyooshea, akasema, "Ni kijana." Wakati huo nilikuwa tayari najua habari ya chumba. Hasira yote ilikuwa imeisha, hakuna hata tone. Nilikuwa naona haya. Nikapunga mkono nikasema kwa sauti ya chini, "Mwambie nimeenda sokoni." Akamwambia. Nikasikia sauti yake ndogo ndani ya simu ikisema, "Haya, nitapiga tena." Siku zote nilizongoja baada ya hapo, kila simu ya Mama Chepkoech ikilia naacha kazi, haikuwa yeye. Tulipojaribu hiyo namba haikupatikana, na haijapatikana mpaka leo.

Kwa hivyo usidhani kosa langu ni hasira. Hasira ilichukua mchana mmoja. Aibu ndiyo iliyokula miaka yote hiyo, na ndiyo iliyokudanganya juu ya panya.

Tangu uniombe picha sijakaa bure. Nilienda shule yake ya msingi, mwalimu mkuu ni kijana mdogo, akaniambia vitu vya zamani vilinyeshewa. Yule mpiga picha aliyekuwa akipita nyumba za kampuni alikufa, na mke wake alizichoma zile filamu zake pamoja na takataka. Nyumbani kule ziwani shangazi yako ana picha moja ya matanga, na Ochieng' ndani yake ameinama, unaona kisogo tu. Wewe mwenyewe umemtafuta kwenye simu, jina lake lina watu mia. Basi nikasema nitakuandikia uso wake hapa, nikuchoree kwa maneno. Nikaandika pua. Nikasoma, nikaona ni pua yako nimeandika. Nikaandika macho, yakawa ya baba yenu. Nimemsahau, Akinyi. Ninakumbuka buti, jaketi, sauti ya "sawa mama", lakini uso haupo. Nilidhani nilichokata ni karatasi.

Sidhani utampata. Nakuambia kweli kwa sababu wengine watakuambia Mungu ni mkubwa. Mungu ni mkubwa, na Qatar pia si ndogo, na jina alilosikia yule kijana linaweza kuwa la mtu yeyote wa upande wetu. Pengine Ochieng' hakuwahi hata kuvuka mpaka. Pengine hayuko tena. Nimefikiria hayo yote nikikunja nguo zako. Leo asubuhi mama wa mboga aliniuliza, "Mtoto wako wa pekee akienda, utabaki na nani?" Nikamwambia nina watoto wawili. Mdomo ulisema wenyewe. Alishangaa, ananijua miaka kumi. "Huyo mwingine yuko wapi?" Nikachukua sukuma wiki yangu nikaondoka bila kuaga.

Juzi, ulipokuwa umeenda kwa chanjo, nilichemsha maji nikashikilia albamu juu ya mvuke, ukurasa kwa ukurasa, nikang'oa maua yote. Nilikuwa na matumaini ya kijinga, kwamba labda kuna mahali makasi yaliteleza, sikio limebaki, au upande wa shavu. Hakuna. Nilikata vizuri. Chini ya kila ua ni tundu safi.

Isipokuwa picha moja. Ni ile ya Krismasi, nje ya chumba chetu, wewe na gauni la manjano. Yeye alikuwa amesimama nyuma yako. Nilimkata wote, lakini alikuwa amekuwekea mkono begani, na mkono huo nisingeweza kuukata bila kukukata wewe. Kwa hivyo niliuacha, nikabandika waridi juu yake. Umeiangalia hiyo picha utoto wako wote, una waridi begani, ukadhani ni pambo la gauni.

Waridi limetoka. Gundi imekula kidogo, lakini vidole vinne vinaonekana, na kucha, na kifundo cha mkono chenye kifungo cha shati. Nimeuwekea wangu juu nikapima. Wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Sikuwa nimeona kwamba alikuwa amekua hivyo.

Picha nimeiweka ndani ya bahasha, pamoja na barua hii. Najua hakuna mtu atakayetambuliwa kwa vidole vinne. Usiwaonyeshe watu, watakucheka. Ichukue tu iwe yako. Hakuwa amekugusa tu, angalia vizuri vile vidole vimekunja kitambaa cha gauni. Alikuwa amekushika.

Mama yako.